Je, wajua kwa nini Maradona yumo kwenye pango la Krismasi la Napoli?

Sisi pango la Krismasi tunalipanga Desemba, sikukuu zikipita linarudi stoo. Napoli, kusini mwa Italia, kuna kichochoro ambacho biashara yake ni hiyo hiyo mwaka mzima. Kinaitwa Via San Gregorio Armeno, kwa jina la kanisa lililopo hapo, ambalo mnara wake wa kengele umekaa juu ya njia hivi kwamba watu hupita chini yake. Pande zote mbili ni karakana na maduka ya mafundi wa sanamu. Hata Julai, jua likiwaka, unaweza kumkuta fundi akimpaka Yosefu rangi ya mashavu. Na rafu ya pili? Maradona, jezi namba 10, amepangwa pamoja na wanasiasa na waimbaji.

Si utani wa kuwavutia watalii tu, ingawa watalii wananunua kweli. Jibu liko katika karne ya 18.

Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango lake huko Greccio, Italia, mwaka 1223, alileta ng'ombe na punda hai. Napoli walilichukua wazo hilo wakalipeleka kwingine kabisa. Chini ya Mfalme Karoli wa Bourbon, aliyetawala huko 1734 hadi 1759, matajiri walishindana nani ana pango la fahari zaidi. Sanamu ilikuwa kazi ya mikono mingi: kichwa cha udongo wa kuchoma, macho ya kioo, mikono na miguu ya mbao, na kiwiliwili cha waya uliozungushiwa nyuzi. Huo waya ndio ufundi wenyewe, maana fundi aliweza kumkunja mtu ainame, apige magoti au anyooshe mkono kuomba, kisha akamvika nguo za kitambaa halisi.

Lakini ajabu zaidi ni mahali Yesu alipozaliwa. Waliihamishia Bethlehemu kwao. Mtoto analala kwenye magofu ya hekalu la kipagani, maana wakati ule ule Herculaneum na Pompeii, miji ya kale ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, ilikuwa inafukuliwa jirani. Kando yake yuko muuza samaki, muuza matunda, ombaomba, na walevi kilabuni. Mamajusi wanapita katikati ya soko la Napoli.

Basi kama Yesu amezaliwa mtaani kwao, kila anayehesabika mtaani ana haki ya kuwepo. Maradona, akiichezea timu yao ya Napoli, aliwapa ubingwa wa soka wa Italia mwaka 1987 na tena 1990, angekosaje? Wenyeji huziita sanamu hizi zote *pastori*, yaani wachungaji, hata ya muuza samaki. Naye Maradona ni mchungaji.

Mmoja tu haguswi: Benino, kijana mchungaji aliyelala usingizi, mara nyingi juu kabisa ya pango. Wanasema yote yaliyo chini yake ni ndoto anayoiota, na akiamshwa, pango zima linatoweka.