Kabla ya kuchangisha spika nyingine

Wazee wa kanisa wakiniita kuangalia mitambo, huanza na neno lilelile: "Fundi, spika hazitoshi, nyuma hawasikii." Naenda kukaa benchi la mwisho, nasikia vizuri sana. Nasikia kelele. Kinachokosekana ni maneno, na spika kubwa zaidi hazitayaleta.

Tazama majengo yetu mengi hapa Dar es Salaam: bati juu bila dari, plasta ukutani, vioo vya alumini, vigae sakafuni. Hakuna kinachomeza sauti. Kwa joto letu, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 25 kutoka kwenye spika, sauti inayougonga na kurudi mbele inachelewa sehemu ya saba ya sekunde, na mhubiri mwenye moto ameshatamka silabi nyingine. Irabu zina nguvu, kwa hiyo ndizo zinazobaki zikielea hewani. S, t, k na ch ni nyepesi, zinazama humo. Ukiongeza sauti, unaongeza vyote pamoja, na mwangwi ukiwemo.

Kwa hiyo kabla sijagusa miksa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, napandisha spika juu ya vichwa, kisha naziinamisha kidogo ziwatazame watu badala ya ukuta wa nyuma. Waumini na nguo zao ndio godoro pekee ulilo nalo, elekeza sauti huko. Ndiyo maana pia usiamini ulichopanga Jumamosi jioni kanisa likiwa tupu. Jumapili jengo lina tabia nyingine.

Eko. Hapa nitagombana na waimbaji, lakini jengo la bati tayari linakupa eko ya bure. Kwenye wimbo wa taratibu naweka kidogo. Wimbo ukiisha na kiongozi wa sifa akaanza kuongea, "Bwana asifiwe," kidole changu kiwe kimeshazima. Fundi anayeacha eko hadi matangazo ya harusi na misiba, kusema kweli, hasikilizi.

Sasa kwaya. Waimbaji 40, na kila sauti inataka maiki zake. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza takriban desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi ya kupandisha sauti kabla mitambo haijapiga mluzi: mbili umepoteza 3, nne 6, nane 9. Maiki nane zikiwa wazi, unalazimika kuzishusha zote, halafu mwalimu wa kwaya analalamika kwamba soprano haisikiki. Mimi naweka tatu kwenye stendi, na umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka maiki hadi midomo ya waimbaji. Za wapiga solo nafungua kwa zamu.

Na wapiga solo wenyewe! Wanapenda kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Nyuma ya kile kiwambo cha ndani kuna matundu, na ndiyo yanayoifanya maiki ikatae sauti inayotoka nyuma yake. Ukiyaziba, inaanza kuokota kutoka kila upande, ikiwemo monita, ile spika iliyo miguuni pako ya kukurudishia sauti yako. Mluzi unaanza, fundi anashusha, mwimbaji anabana zaidi. Maiki ya Shure SM58, ambayo imekuwepo tangu 1966, inakataa sauti zaidi kwa nyuma kabisa, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji, ielekee mkia wa maiki. Beta 58A, ya Shure pia, ni tofauti: upande wake wa kiziwi uko nyuma kwa pembeni, kwa hiyo sogeza monita kushoto au kulia.

Kitufe cha kukata besi nakibonyeza kwenye kila maiki ya sauti ya mtu. Miksa nyingi ndogo hukata chini ya hezi 80 au 100, na hapo mhubiri hapotezi kitu cha maana. Unachoondoa ni upepo wa feni na vishindo vya jukwaa. Lakini tope halisi, yaani mvumo mzito unaofunika maneno, lipo juu kidogo ya hapo, na mara nyingi linatoka kwa mpiga kinanda. Kama kuna gitaa la besi, mwombe mpiga kinanda apunguze mkono wa kushoto, ule wa noti nzito. Ombi hilo hunisaidia kuliko ikwalaiza yote.

Kuhusu ukubwa wa sauti, taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza zisizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwenye 100 inabaki dakika 15. Kipindi cha kusifu hakiishi kwa dakika 15, na watoto mmewakalisha mbele, jirani na subufa.

Mvua ya masika ikipiga bati, sina dawa. Namwashiria mchungaji aimbishe hadi ipungue. Dari ya jipsamu ingesaidia hapo, ila kwa mwangwi wa sauti ya mtu ni ngumu mno, haimezi vya kutosha. Kwa mwangwi, pesa ya harambee iende kwanza kwenye mapazia mazito ya ukuta wa nyuma, yashonwe yakiwa na mikunjo mingi, yaning'inie sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani. Yakibanwa ukutani, kazi yake inapungua sana.