Moteri "kugonga" maana yake nini, na kwa nini si kila kelele ni kugonga

Hapa Goma pikapu ikianza tu kutoa sauti ya ajabu neno ni lile moja, "moteri inagonga". Mukanda ukilia, inagonga. Eshapema, lile bomba la moshi, ikitoboka, inagonga. Shofere anafika ku garaji anasema hivyo tu, na fundi hapo hajaambiwa kitu bado, anaanza kubahatisha, na kubahatisha mu moteri ya mazutu (dizeli) kunakula pesa mbaya sana.

Kugonga kwenyewe, ile mafundi wazee wanasema, ni chuma kupiga chuma mahali penye palipaswa kuwa mafuta. Pistoni inapanda na kushuka, bieli inaiunganisha na vilebrekeni, ile shafti nzito inazunguka chini. Pale bieli inashika vilebrekeni muko kusine, vipande viwili vyembamba vya nusu duara, na kati ya kusine na chuma munapita utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Huo utando njo unabeba kazi yote. Mafuta yakikosa hata kwa muda mfupi, kusine inakwaruzika, nafasi inapanuka, na kila pistoni ikigeuka bieli inaruka ile nafasi na kupiga, ko, ko, ko, sauti nzito ya chini. Moteri ikiwa ya moto inazidi, juu mafuta yamekuwa mepesi. Pandisha mpaka karibu turu 2.000 (mizunguko kwa dakika) halafu achia akseleta gafula, utaisikia vizuri pale inaposhuka.

Supapu, vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi mu silinda, haiko hivyo. Supapu iko juu, sauti yake nyepesi, ta-ta-ta kama sherehani, na mapigo yake yako polepole kuliko ya bieli juu shafti ya supapu inazunguka mara moja wakati vilebrekeni inazunguka mara mbili. Hiyo mara nyingi ni kuregle tu, kurekebisha nafasi yake, gari inaendelea na kazi.

Injektere, ile inapulizia mazutu mu silinda, njo inadanganya watu. Ikimwaga mazutu vibaya, moto unawaka kwa kishindo mu silinda na sauti inakuwa kali, kavu, mara nyingi na moshi mweusi au mweupe. Mtu asiyezoea anaapa ni bieli, na mwingine mwenye bieli mbovu anaambiwa ni injektere.

Njo ilitupata sisi. Kaka yangu mkubwa ana Hilux ya moteri 5L, anabeba mashu na karoti za Kibumba kuleta huku mujini, na siku moja kwenye ile njia ya mawe ya volkano jiwe likapiga karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri. Haikuvuja hata tone, akaendelea. Kisha siku chache ikaanza kugonga. Fundi akalegeza nati ya tuyo (bomba la mazutu) ya injektere ya tatu, kelele ikapungua, akasema basi, ni injektere, nunueni. Tukanunua. Kelele ikabaki palepale.

Kosa liko wapi? Ukilegeza ile nati, mazutu haiingii, silinda haiwaki, pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Kwa hiyo injektere mbovu itanyamaza, na bieli mbovu nayo itapunguza sauti. Kile kipimo kinakuonyesha ni silinda gani, hakikuambii ni kitu gani. Ungepaswa kubadilisha nafasi, injektere ya tatu uipeleke ku silinda ya kwanza na ya kwanza uilete hapa, kelele ikihama nayo ni injektere kweli, ikibaki ku silinda ya tatu tafuta chini. Haigarimu franka ya kununua kipande. Na hii ya kulegeza nati ni ya pompi za zamani tu kama 5L au 1HZ ya Land Cruiser, musijaribu ku D-4D, zile moteri mpya zaidi za Toyota, mule mazutu iko na presha ya kupita bari 1.000 na inaweza kutoboa ngozi ya mkono.

Ukweli tuliupata mu mafuta. Tuliyamwaga yakiwa ya moto mu besani safi, tukaipeleka ku jua, na mafuta meusi yalikuwa na vumbi ya kumetameta, vipande vidogo, vingine rangi ya shaba. Sumaku haikuvivuta. Hiyo njo kusine, juu ingekuwa chuma cha kawaida sumaku ingekamata. Kufungua karteri tukaona lile bonde jiwe liliacha, bati lilikuwa limesukumwa mpaka karibu kuziba mdomo wa krepini, kile kichujio mafuta inanyonywa kupitia. Kwa hiyo joji, ile fimbo ya kupimia mafuta, ilikuwa inaonyesha mafuta yamejaa, na kweli yalijaa, lakini pompi ilikuwa inanyonya kwa shida.

Kwa hiyo ukisikia ile nzito ya chini, zima gari hapohapo, hata kama nyumbani ni kilomita mbili, ivutwe na kamba. Bieli ikikatika inatoboa bloku, ule mwili wa moteri wenyewe, na hapo unatafuta moteri nzima. Mtu akikushauri kutia mafuta mazito ili inyamaze, kataa, itanyamaza kidogo lakini ile nafasi iko palepale inapanuka.

Ukizima mapema, dawa ni kusine mpya, kama vilebrekeni haijachorwa. Pitisha ukucha juu yake, ukikwama ku mchoro inaenda ku turneri, fundi wa kuchonga chuma, ipunguzwe, na unanunua kusine nene kidogo ya kufuata, milimita 0,25 au 0,50. Na umwambie fundi asafishe zile tundu za mafuta ndani ya vilebrekeni yenyewe na waya na mazutu, kisha apulize na kompresa, juu ile vumbi ya kusine ya zamani inajificha mule na siku ya kwanza ya kuwasha inaenda moja kwa moja ku kusine mpya.