Barua mmepeleka, jibu nani kalirudisha?

Kila nikialikwa kwenye semina ya uraia, iwe Chake Chake huku Pemba au Mjini Unguja, lazima atasimama mtu aseme vijana wa siku hizi hawashiriki, wananchi hawaji mikutanoni, watu wamelala. Mie kazi yangu ndo hio hio, nafundisha uraia na nasaidia klabu za wanafunzi katika skuli za huku Pemba, na maneno hayo siyakubali hata kidogo. Akifiwa mtu kijijini saa haijapita turubai lishafungwa, kuna wanaochimba kaburi, kuna waliokwenda kununua sanda, akina mama washabandika masufuria, na hakuna aliyesaini posho. Na skuli zetu ngapi mabanda yake yameanza kwa wanakijiji wenyewe kubeba mchanga na matofali mpaka ukuta ukafika kwenye linta, ndo Serikali ikaja kuezeka? Watu kama hawa hawajalala. Ila kwenye maziko na kwenye banda la skuli mtu anaona jasho lake limekwenda wapi, kwenye mkutano wa shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, anatoa maoni yanaandikwa, daftari linafungwa, basi, hasikii tena. Mara ya pili atakuja, mara ya tatu atamtuma mtoto akasikilize, baada ya hapo hata huyo mtoto haji.

Kwa hio mie nasema hivi, tunatumia nguvu nyingi mno kuwahamasisha watu waseme na hatutumii hata robo ya nguvu hio kuwarudishia majibu. Hapo ndipo ushiriki unapokufa.

Nilifundishwa hili na mwanafunzi mmoja wa fomu two. Klabu yao ilikuwa inahangaika na jaa lililoota nyuma ya skuli, mvua za masika zikianza uchafu wote unashuka mpaka uwanjani. Wakaandika barua, rasimu ya mwanzo ilikuwa na mstari mmoja wa maana, "tunaiomba Serikali itusaidie tatizo la taka." Nikawauliza Serikali gani, nani hasa ataifungua bahasha hii? Wakanyamaza. Tukaanza upya, barua ikaandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa sheha na diwani, ikataja jaa liko wapi, limeanza lini, taka zinatoka wapi (sokoni, wala si majumbani, walikwenda kuangalia wenyewe asubuhi tatu mfululizo), wao wameshafanya nini, na wanaomba kitu gani kimoja. Kimoja tu, gari lipite kila wiki. Ukiomba mambo saba kwenye karatasi moja unampa mtu nafasi ya kulijibu lile jepesi na kuyaacha sita.

Tulipomaliza yule binti wa fomu two akanyoosha mkono, "Maalim, kwani tukishaipeleka inakuwaje?" Ukweli ni kwamba mitaala yetu ya uraia inaishia pale pale alipoulizia yeye. Tunawafundisha haki, wajibu, mihimili mitatu ya dola, wanakariri vizuri na mtihani wanafaulu, lakini barua ikishatoka mkononi inakwenda wapi hakuna anayewaambia. Basi tukakubaliana, nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, jina la aliyepokea liandikwe, na ndani ya barua tutaje siku ambayo wanafunzi wawili watarudi kuulizia, kwa adabu, wakiwa na sare zao. Walirudi. Jibu halijawa tayari, wakaomba wapewe siku nyengine, wakarudi tena.

Jibu lenyewe lilikuwa hapana. Gari halitoshi kupita kila wiki, ila taka zikikusanywa sehemu moja kando ya barabara kuu, gari likipita kwenda kwengine litazichukua. Wengine wangelificha jibu kama hilo kwa aibu, hawa wakalisoma lote mbele ya skuli nzima asubuhi kwenye mstari, alafu wakamuomba imamu atangaze baada ya sala ya Ijumaa, na akatangaza. Wazee walioshika tama siku zote wakaanza kubishana kuhusu sehemu ya kukusanyia, wenye vibanda vya sokoni wakaitwa, sheha akaweka kikao, na kikao kile kilijaa. "Hapana" yenye sababu imewatoa watu majumbani kuliko ahadi zote walizowahi kupewa, kwa sababu sasa wana kitu cha kukijadili.

Jambo jengine linalotupotezea nguvu ni kugonga mlango usio wake. Huku kwetu Zanzibar kila jimbo lina mwakilishi na lina mbunge, na watu wengi, hata waalimu wenzangu, wanawachanganya. Majimbo yetu ni 50, mwakilishi anakwenda Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, mbunge anakwenda Dodoma. Maji, zahanati, skuli za msingi, barabara za ndani, haya si mambo ya Muungano, yanasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ukimpelekea mbunge atakusikiliza na pengine atasaidia kwa mfuko wake lakini hana waziri wa kumuuliza kule. Lakini mambo ya polisi, uhamiaji, paspoti, mitihani ya fomu foo inayotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hayo ni ya Muungano, hayo mpe mbunge. Taka na masoko mshike diwani wa wadi yako na halmashauri yake. Na mwakilishi kuna kitu watu hawakitumii kabisa, anaweza kuuliza swali barazani na waziri akajibu mbele ya kipaza sauti, jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Mwandikie swali fupi lililokamilika, mpe mkononi. Wanafunzi wa fomu thrii wanaweza kuliandika, nimeona.

Na wakati, jamani. Mwaka wa fedha unaanza Julai, bajeti inajadiliwa Mei na Juni, mtu anakuja na ombi lake la banda la skuli mwezi wa Juni alafu anasema hawatusikilizi. Mwezi huo vitabu vishapangwa. Ombi linalotaka fedha lipelekwe mwishoni mwa mwaka wa kalenda uliotangulia, wakati halmashauri na wizara zinakusanya vipaumbele.

Wakati wa mikutano nao ni huo huo. Mtu wa mjini anapanga mkutano wa shehia ya pwani siku ya bamvua, saa nne asubuhi, akifika anakuta wanaume sita na benchi tupu, anaandika kwenye ripoti wanawake hawana mwamko. Wanawake wako pwani! Bamvua maji yanakupwa sana, ndo siku za kufunga na kuvuna mwani, akikosa siku hizo kakosa fedha ya daftari la mtoto. Msimu wa karafuu nao nusu ya kijiji wako dago, kwenye kambi za kuchumia karafuu. Muulize sheha au muulize mama yeyote anayelima mwani, atakwambia siku ya maana kuliko kalenda ya mradi wako. Kwa wanafunzi tazama saa za madrasa, mchana wengi wako chuoni kwa maalim wao na wazazi hawatakubali wakikosa, na wana haki.

Kuna hili la siasa ambalo haliepukiki. Mtoto akisema anakwenda kwenye kikao, mzazi wa Pemba wa umri wangu roho inamdunda kwanza, kwa sababu tumeona chaguzi zetu zilivyogawa majirani mpaka watu hawahudhuriani harusi. Na sheha huku kwetu hapigiwi kura, anateuliwa, kwa hio wapo wanaomuona ni mtu wa upande fulani hata akiwa mwema. Mie siwaambii wazazi waondoe hofu, nawaambia klabu inaanza na mambo yasiyo na rangi ya chama, jaa, mfereji wa skuli, taa ya njiani wanakopita watoto wa kike wakati wa magharibi. Alafu nawakumbusha Julai 31, 2010, siku tuliyoulizwa sote swali moja, tunaitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vinavyoshindana viongoze pamoja, au hatuitaki, na asilimia 66.4 wakasema ndio. Siku ile hatukumchagua mtu, tuliamua jambo. Watoto wa fomu two walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga, ukiwahadithia wanashangaa kwamba wazazi wao waliwahi kukaa wakajibu swali kama lile.

Hata mikondo ya vijana ipo kisheria, Baraza la Vijana la Zanzibar limeundwa kwa Sheria Namba 16 ya 2013 na lina ngazi mpaka kwenye shehia, na mabaraza ya watoto yapo pia. Mwalimu, kabla hujaunda kitu kipya na fulana mpya, muulize sheha baraza la vijana la shehia yako linakutana lini, na kama halikutani muulize nani ana daftari lake.

Grupu za wasapu mie sizipigi vita. Ila malalamiko yanapanda asubuhi, usiku yashafukiwa na matangazo ya samaki na sauti za mawaidha. Adimini mmoja akikubali kila Jumapili kuandika mistari mitatu, tuliomba nini, tumejibiwa nini, nani anafuatilia, grupu hilo linabadilika, watu wanaanza kuulizia wenyewe kabla ya Jumapili kufika.

Klabu zetu zinaandika hayo hayo kwenye daftari la kawaida la kaunta, safu tano: tarehe ya barua, mlango iliopelekwa, nani kapokea, jibu, na jibu limetangazwa wapi. Safu ya mwisho ndo naikagua kwanza nikifika skuli. Ikiwa tupu siulizi mengine, tunakaa hapo hapo tunapanga nani atasoma mstarini kesho, na wanaomaliza fomu foo wanalikabidhi kwa wadogo zao kabla ya mitihani, pamoja na barua ambazo bado hazijajibiwa.