Tekila ya baa ndogo: anza na nyeupe, soma lebo

Wenye baa wa Himo na Boma Ng'ombe wakitaka tekila, huniuliza bei kabla ya kitu kingine chochote. Mimi huwaomba tusome lebo kwanza. Kazi yangu ni kuwachagulia wenye baa wa Moshi na miji ya jirani pombe kali za kuweka kaunta, na naona tekila ndiyo inayowala hela bure kuliko zote. Wanalipia rangi, umbo la chupa na jina kubwa, huku habari yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayehangaika nazo.

Tafuta maneno "100% de agave" au "100% agave"; agave ni mmea wa Mexico unaotengenezewa tekila. Kanuni za Mexico zinatambua tekila za makundi mawili. Kwenye kundi la kwanza sukari yote iliyochachushwa imetoka kwenye agave ya bluu, na pombe hiyo ni lazima ijazwe kwenye chupa hukohuko kwenye eneo linaloruhusiwa kuitengeneza, yaani jimbo zima la Jalisco na baadhi ya wilaya za majimbo mengine manne. Kundi la pili huandikwa "Tequila" basi. Hiyo inatakiwa iwe na sukari ya agave isiyopungua asilimia 51. Inayobaki inaweza kuwa ya miwa au ya mahindi, na inaruhusiwa kusafirishwa kwenye matangi ikajazwe chupani nchi nyingine. Wafanyabiashara huiita mixto. Neno hilo hutalikuta kwenye lebo, kwa hiyo chupa isiyotaja 100% ihesabu kuwa mixto.

Bei zinatofautiana kwa sababu ya shamba. Ukisafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Tanga, mkonge unaouona njiani ni wa ukoo mmoja na agave ya tekila. Nao asili yake ni Mexico; Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Lakini mkonge unakatwa majani mwaka hadi mwaka, wakati agave ya bluu huvunwa mara moja tu. Mkulima wa Jalisco anasubiri miaka sita, saba, hata minane, kisha majani yote yanafyekwa na kubaki tunguu la makumi ya kilo. Hilo tunguu linapikwa ili sukari ipatikane, na mmea umekwisha, anapanda upya. Muwa haudai subira ya namna hiyo, na ndiyo sababu kiwanda kikichanganya sukari yake bei inashuka.

Sasa jambo linalowachanganya wengi: jina moja kwenye chupa mbili zisizofanana. Olmeca ya kawaida ni mixto. Olmeca Altos ni 100% agave, inatoka Arandas huko Jalisco, na agave yake inapikwa kwenye matanuri ya matofali. Jose Cuervo Especial, ile inayojulikana sana, ni mixto. Jose Cuervo Tradicional ni 100%. Sierra yenye kofia nyekundu ni mixto, Sierra Antiguo ni 100%. Muuzaji wa duka la jumla akikwambia "hii ni Olmeca, ileile", chukua chupa mkononi usome mwenyewe. El Jimador na Espolòn zinazouzwa nje ya Mexico ni 100%, na kwa kawaida haziko kwenye bei za Patrón au Don Julio. Hizo mbili za mwisho ni nzuri, sibishi, ila kwa baa ya mji mdogo sehemu kubwa ya hela yako inalala kaunta ikimsubiri mteja mmoja.

Kwenye lebo, karibu na herufi NOM (kifupi cha kanuni rasmi za Mexico), utaona namba ya tarakimu nne. Inamtambulisha mzalishaji. Iandike mtandaoni kwa simu, uone majina mengine yanayotoka kiwanda hichohicho. Mara nyingine utaikuta yenye bei nafuu.

Rangi nayo. Wateja wengi wanaamini ya dhahabu imekaa kwenye pipa. Iliyokaa huandikwa reposado, angalau miezi miwili, au añejo, angalau mwaka mmoja. Ile ya mixto iliyoandikwa oro au gold mara nyingi imetiwa rangi ya karameli. Kanuni pia zimekuwa zikiruhusu karameli, dondoo la mti wa mwaloni, gliserini na shira kwenye tekila zisizo nyeupe, bila kutajwa kwenye lebo, mradi zisifike zaidi ya asilimia moja. Ndiyo maana nang'ang'ania nyeupe, iliyoandikwa blanco, plata au silver. Kilichopikwa vibaya hakina pa kujificha humo. Dondosha tone kwenye kiganja, sugua, nusa: nzuri hutoa harufu tamu kama kiazi kitamu kilichochomwa, na pilipili kwa mbali. Ikinuka spiriti tupu, rudisha.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu hubadili mawazo. Chupa ya mililita 750 kwa kipimo cha mililita 30 ni toti 25. Toa moja ya kumwagika, zibaki 24. Tuseme chupa ya 100% imezidi mixto kwa shilingi 36,000. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa toti. Mteja anayejua anachokunywa ataongeza hiyo 1,500 bila kunung'unika, na kesho atarudi kwa sababu ladha haikumkera. Vijana wa Jumamosi wanaopiga toti kwa chumvi na ndimu hawatakuwa tayari kuilipa, na wana haki ya kupata kinywaji cha mfuko wao. Kwa hiyo baa ndogo naipa chupa mbili: mixto moja nyeupe ya jina linaloaminika, na blanco moja ya 100%. Reposado iongezwe zikishaanza kuisha kwa mpangilio. Añejo, hapana.

Isipokuwa Disemba. Wachagga wakirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, meza zinabadilika kabisa, na mtu anayeagiza mzinga mzima anataka cha kuonyesha. Leta reposado nzuri mapema mwezi huo, lakini nunua chupa, usinunue katoni. Januari ni ada za shule na kaunta inanyamaza.

Wageni wanaoshuka mlimani kupitia Mweka au Marangu ni habari nyingine. Wao huomba margarita, na wenye baa wanaogopa kwa sababu likeri ya machungwa ni ghali. Acha likeri. Blanco ya 100% toti mbili, ndimu iliyokamuliwa papo hapo toti moja, asali iliyolegezwa kwa maji ya moto nusu toti, tikisa na barafu nyingi. Ukipata balungi, kamulia kwenye tekila, ongeza ndimu kidogo, chumvi kidogo na maji yenye gesi. Ndimu zetu zina ukali mzuri sana kwa kazi hii, ni dhambi kutumia ya chupa.

Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, na angalia stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye kila chupa. Mfumo huo umekuwepo tangu 2019. Kizibo kikiwa kimechezewa au stempu imechanika, usipokee hata kwa nusu bei, maana pombe ya kughushi imeshapofusha na kuua watu. Kwenye baa yako pia, vunja chupa tupu za tekila badala ya kuziacha nyuma ya baa, kwani wapo wanaozitafuta ili wazijaze upya.

Chupa ikishafunguliwa iweke mbali na jua la dirishani, na uandike tarehe chini yake kwa kalamu ya wino mzito. Tekila haiendelei kukomaa ndani ya chupa, na iliyobaki robo hupoteza harufu miezi inavyopita. Ikifika hapo, mwambie mhudumu aimalizie kwenye margarita.