Kwa nini tangi la darini hufurika hata baada ya kubadilisha koki?

Fundi bomba amepanda darini, amebadilisha koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe boya likiinuliwa na maji, amelipwa na kuondoka. Asubuhi ya pili lile bomba dogo linalochungulia nje ya ukuta linatiririsha maji vilevile. Mwenye nyumba anaona ameuziwa koki mbovu, au fundi hajui kazi. Inawezekana wote wawili hawana kosa, kwa sababu maji hayakupita kwenye mlango uliozibwa.

Je, wajua kwamba tangi linaweza kufurika huku koki inayolilisha imefungwa kabisa? Tumezoea kufikiri kwamba lina mlango mmoja wa kuingizia maji na milango kadhaa ya kuyatolea. Bomba lakini halijui kuingia wala kutoka. Maji hufuata msukumo, na penye msukumo mkubwa chini kuliko juu, bomba la kuteremshia maji hugeuka la kupandishia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fanya jaribio ambalo halina gharama. Funga koki ya njia inayolisha tangi. Tumia maji kidogo mpaka kina kishuke vidole vinne chini ya tundu la kufurikia, kisha chora mstari wa penseli kwenye ukuta wa tangi, pale uso wa maji ulipo. Waambie watu wasiguse koki yoyote kwa saa moja au mbili, halafu rudi utazame. Maji yakiwa palepale, ugonjwa uko kwenye koki ya boya. Yakiwa yamepanda, acha hiyo koki. Maji yanatoka kwingine. Kama njia ya kulisha ina koki kuukuu, hakikisha kwanza kwamba inafunga kweli, maana ikipitisha maji kimyakimya jaribio zima litakudanganya.

Tuanze na koki ya boya, kwa sababu ndiyo mkosaji wa kawaida. Kazi yake ni mashindano ya nguvu mbili. Chukua boya la mviringo lenye kipenyo cha sentimeta 11. Ujazo wake ni karibu lita 0.7, kwa hiyo likizama nusu linainuliwa na maji kwa nguvu ya gramu 350 hivi. Toa uzito wa boya na wa mkono wake, sema zinabaki 300. Hiyo ni nguvu ambayo hata mtoto mchanga anaizidi. Lakini boya liko kwenye ncha ya mkono mrefu, na mkono huo ni wenzo. Ukiwa na urefu mara kumi ya umbali wa kutoka kwenye egemeo hadi kwenye washa, yaani kile kipande cha mpira kinachoziba tundu la maji, gramu 300 zinageuka kilo 3 zinazoikandamiza washa kwenye tundu.

Upande wa pili maji nayo yanasukuma ili yapite. Tuseme msukumo kwenye bomba kuu ni kilo 4 kwa kila sentimeta ya mraba. Tundu la milimita 3 lina eneo la sentimeta ya mraba 0.07 tu, basi maji yanaisukuma washa kwa gramu 280. Boya linashinda bila jasho. Sasa weka koki yenye tundu la milimita 9. Kipenyo kimezidi mara tatu, lakini eneo limezidi mara tisa, na maji yanasukuma kwa kilo 2.5. Boya bado linashinda, ila kwa taabu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo huwachanganya wengi: kwa nini tangi linafurika usiku tu, na fundi akija mchana anakuta kila kitu shwari? Watu wakilala, koki za majirani zinafungwa na msukumo kwenye bomba kuu unapanda. Ukifika kilo 6, maji yanaisukuma ile washa kwa kilo 3.8, zaidi ya kilo 3 za boya. Boya hulazimika kuzama zaidi ili lipate nguvu, na kadiri linavyozama ndivyo uso wa maji unavyopanda, mpaka unafika kwenye tundu la kufurikia. Koki hiyo haijaharibika. Imepangiwa kazi isiyo yake, kwa sababu koki zenye tundu kubwa hutengenezwa kwa ajili ya maji yenye msukumo mdogo. Wengine huzichagua kwa makusudi ili tangi lijae haraka.

Kama mkosaji ni koki lakini hujui sehemu gani, inua boya kwa mkono taratibu. Maji yakikatika, washa ni nzima. Shida iko kwenye boya au mkono wake. Fungua boya ulitikise karibu na sikio: likichezacheza maji ndani, limetoboka na halielei tena inavyopaswa. Kama ni kavu, tazama kama linakwama ukutani au kama mkono umepinda. Kuta za matangi ya plastiki nazo hutuna kwa uzito wa maji, na koki iliyofungwa kwenye ukuta uliotuna hulala upande, boya nalo likapoteza kipimo chake.

Maji yasipokatika hata ukiinua boya kwa nguvu, basi washa imechakaa, au kuna kitu kimekaa kati yake na tundu. Mara nyingi ni punje ya mchanga au ya kutu, hasa maji yanaporudi baada ya kukatika, kwa kuwa yanakuja yamebeba uchafu wa njia nzima. Kabla ya kushika spana, bonyeza boya chini maji yamwagike kwa kasi nusu dakika, kisha liachie. Mara kadhaa punje huondoka na mkondo, na kazi inaishia hapo. Washa yenye mfereji uliochimbika katikati haina dawa ila kubadilishwa.

Sasa ile hali ya pili, mstari wa penseli umezama ingawa njia ya kulisha imefungwa. Mimi humshuku kwanza miksa wa bafuni, ile koki inayochanganya maji moto na baridi. Katika baadhi ya nyumba zenye tangi darini, maji baridi ya bafuni hutoka moja kwa moja kwenye bomba kuu, na maji moto hutoka kwenye silinda, yaani chombo cha kupashia maji, inayolishwa na tangi. Tangi likiwa mita 3 juu ya bafu, linasukuma kwa kilo 0.3 tu kwa kila sentimeta ya mraba. Upande wa baridi una kilo 3 au 4. Pande hizo mbili zikikutana ndani ya miksa bila pa kutokea, baridi inaingia kwenye njia ya moto, inapita kwenye silinda na kupanda hadi tangini.

Na zinakutana lini? Wakati miksa imechakaa ndani, ndiyo, lakini pia wakati mtu anafungia maji mwishoni. Fikiria bomba la mkono la kuogea au la chooni lenye kitufe kwenye kichwa chake. Mtu akishamaliza anaachia kitufe, maji yanakoma, anaondoka. Kule kwenye miksa moto na baridi vyote viko wazi, na usiku kucha baridi inapanda darini. Hakuna tone hata moja linaloonekana bafuni. Ukitaka kuthibitisha, funga vikoki vidogo vilivyo chini ya kila miksa, mmoja baada ya mwingine, ukitazama mstari wako kila mara. Tiba ni kufungia kwenye miksa yenyewe, na kuweka vali za kuzuia maji yasirudi kwenye njia zote mbili.

Kama kuna pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini, hakikisha imezimwa wakati wa jaribio. Swichi yake ya boya hukwama, au waya wake hujiviringisha kwenye bomba, na pampu haijui kama juu kumejaa. Matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini nayo yana kisa chake. Maji hutafuta usawa mmoja, kwa hiyo lililo chini kidogo ndilo litakalofurika, hata kama boya liko kwenye lile jingine na linafanya kazi vizuri.

Penye mfumo wa kupasha nyumba joto kuna koili, yaani bomba lililojiviringa, ndani ya silinda, na tangi dogo la pekee kwa ajili ya mfumo huo. Koili ikitoboka, maji ya tangi lililo juu zaidi hupenya hadi kwenye lile la chini, likafurika. Unaweza kubadilisha boya lake mara tano bila kufika popote.

Gusa pia maji yanayomwagika, kwa uangalifu. Yakiwa vuguvugu, yametoka upande wa maji moto. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi hutanuka kwa takriban asilimia 1.5, kwa hiyo silinda ya lita 200 inarudisha lita 3 tangini kila inapopata moto. Hilo ni jambo la kawaida, na linasumbua pale tu uso wa maji ulipopangwa karibu mno na tundu la kufurikia. Shusha boya kidogo.

Maji yakiwa ya moto hasa, au mvuke ukionekana darini, usiendelee na uchunguzi. Hiyo ni dalili kwamba themostati, kile kifaa kinachozima hita maji yakishapata moto, imekwama na maji yanachemka, yanarudi kwa bomba la kupumulia na kumwagikia tangini. Tangi la plastiki hulainika kwa joto hilo, na likipasuka maji yanayochemka hushuka kwenye chumba kilicho chini yake. Nchini Uingereza watu wamewahi kufa namna hiyo. Zima hita kwenye swichi yake kuu, ondoa watu kwenye vyumba vilivyo chini ya tangi, mwite fundi wa umeme pamoja na fundi bomba.