Safari ya meli ya kitalii: kungoja siku za mwisho hakupunguzi gharama

Wengi hapa Nairobi huamini kwamba ukitaka safari ya meli ya kitalii kwa bei nafuu, ungoje hadi wiki mbili kabla meli haijang'oa nanga, vyumba vilivyobaki viuzwe kwa bei ya kutupa. Punguzo hizo zipo, lakini humfaa anayeishi karibu na bandari. Sisi wa Nairobi tunahitaji viza kwanza. Ombi la viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa angalau siku 15 kabla ya safari, na huweza kupelekwa hata miezi 6 mapema. Tiketi ya ndege hadi bandari ya kupandia meli, kama Barcelona, Uhispania, nayo kwa kawaida hupanda siku zikikaribia, na ndiyo humeza ulichookoa kwenye chumba.

Kinachoshusha bei hasa ni msimu. Kwa Mediterania, tazama Aprili baada ya Pasaka, au Oktoba. Karibiani huwa rahisi Septemba na Oktoba kwa sababu ya vimbunga. Mimi nisingempeleka mama yangu wakati huo. Mwanzo wa Desemba, kabla ya Krismasi, ni bora zaidi. Ofa kubwa za kampuni za meli hutoka Januari hadi Machi, kwa hiyo weka nafasi wakati huo.