Buddy Holly aliwezaje kujiitikia mwenyewe mwaka 1957?

Ukisikiliza Words of Love, wimbo wa mwaka 1957 wa Buddy Holly, mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, unasikia sauti mbili za kiume: moja inaongoza, nyingine inaipamba. Wengi hudhani ya pili ni ya mwenzake wa kundi la Crickets. Wengine, waliozoea studio za kompyuta, husema ni sauti moja iliyorudufiwa na mashine. Wote wamekosea: ni Holly, kaimba mara mbili.

Hilo la mashine linaanguka mapema. Sauti iliyorudufiwa hufuata noti zilezile, lakini hii ya pili ina njia yake. Isitoshe, mtambo wa kurudufu sauti wa studio za Abbey Road, London, ulibuniwa mwaka 1966. Holly alikuwa keshafariki tangu Februari 1959, kwa ajali ya ndege huko Iowa, akiwa na miaka 22.

Wala tusimpe sifa ya kuwa wa kwanza. Mwimbaji Patti Page alishajiitikia kwenye santuri tangu miaka ya 1940.

Kazi ilifanyika kwenye studio ya mtayarishaji wake, Norman Petty, mjini Clovis, New Mexico, si mbali na Lubbock, Texas, alikozaliwa Holly. Kinasa sauti cha kwanza kilirekodi muziki na sauti ya kwanza. Kisha mkanda ule ukachezwa, Holly akaimba juu yake, na kinasa sauti cha pili kikanasa vyote kwa pamoja kwenye mkanda mpya. Mwimbaji akikosea hapo, mkanda wa kwanza uko salama, anarudia tu. Akipatia, basi ndiyo imetoka: sauti ya kwanza na gitaa zimeshikana, huwezi kupandisha moja ukaiacha nyingine.

Na kila kunakili mkanda hivyo kuna gharama. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi ya cheti: maandishi yanafifia, madoa yanaongezeka. Kwenye mkanda, madoa hayo ni ule mvumo wa “sss” nyuma ya muziki. Ndiyo maana tabaka za sauti hazikurundikwa ovyo.

Petty alitoza kwa wimbo, si kwa saa, hivyo kurudiarudia hakukumtia mtu hasara. Jukwaani ndiko kulikokuwa na kasheshe, maana huko Holly alikuwa na mdomo mmoja tu. The Beatles waliporekodi wimbo huo mwaka 1964, sauti zile waligawana.